Mstari Umehamia Kulia

Jumatatu, 2 Machi

Daktari amenipa daftari hili na kuniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja, mpaka mvua za masika zije na kukatika. Niandike nilichosahau, nilichokosea na kilichonikera. Nikamwambia, mwanangu, vya kunikera vitalijaza kabla ya Ijumaa. Akacheka. Ni msichana mdogo, hana hata kunyanzi moja, na eti ndiye daktari wa wazee. Wazee! Nina miaka sitini na minane, nasimama kutwa nzima, na magoti yangu bado hayajanishitaki kwa mtu.

Kilichonipeleka huko ni aibu ya Jumamosi. Mimi ni msusi. Miaka arobaini na moja nimesuka vichwa katika saluni hii hii, mimi na Dada, na watu waliniita Rula kwa sababu mstari wa katikati nauvuta kwa jicho tu. Nashika kitana cha mkia, nakitazama kichwa mara moja, nashusha kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, basi. Wasusi wengine wanapimia pua ya mteja na kurudia mara tatu. Mimi sirudii. Sasa Jumamosi msichana mmoja wa duka la dawa kainuka kwenye kiti, kajipiga picha utosini kwa simu, kaitazama, kisha kaniambia mbele za watu, "Mama Rula, leo umenipeleka kulia." Nikaichukua ile simu. Mstari ulikuwa umehama upana wa kidole kizima. Nikafumua, nikasuka upya.

Mtu mwingine angecheka yakaisha. Mimi siwezi, kwa sababu ya mama. Mama yetu alianza hivi hivi, na vitu vidogo: chumvi mara mbili, kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Mwishoni alikuwa anatutazama mimi na Dada tumekaa kitandani kwake, anatuuliza kwa adabu kabisa, "Nyinyi ni watoto wa nani?" Siku tuliyomzika, mimi na Dada tuliapizana. Atakayeanza kati yetu, mwenzake amwambie usoni. Hakuna kufichana, hakuna kubembelezana kama tulivyombembeleza mama mpaka akawa hajui lipi kweli lipi uongo. Dada ana miaka sabini na mmoja. Tunaishi pamoja nyuma ya saluni tangu waume zetu walipofariki, na watoto wetu wako mbali. Hana mwingine wa kumwambia ukweli, wala mimi sina.

Huko kliniki daktari alinipa karatasi yenye mistari ishirini, akasema niweke alama katikati ya kila mmoja. Nikasema kimoyomoyo, hapo umemfikia mwenyewe. Nikaweka. Kisha akanionyesha picha za nyuso mbili mbili, kila uso nusu inacheka, nusu imenuna, akauliza ipi ina furaha zaidi. Kisha maneno kumi na tano niyasikilize na kuyarudia baada ya robo saa. Nilirudisha tisa. Nikamwuliza, "Nimeanza?" Akasema, "Tupe muda, mama." Jibu la mtu anayejua na hataki kusema. Huyu kwangu ni Daktari wa Mistari.

Jumanne, 3 Machi

Mvua imeanza. Mwalimu alikuja kuoshwa nywele. Ni mteja wetu tangu hajaolewa, na sasa ni mstaafu mwenye wajukuu. Akasahau mwavuli wake, ule wa kijani wenye waya mmoja uliokatika. Dada kaupeleka mwenyewe alasiri, karudi kaloa chapachapa, kanilaumu mimi kana kwamba mvua niliiita.

Jumatano, 4 Machi

Sikusahau kitu. Dada kauliza kama mwavuli wa Mwalimu umerudishwa. Nikamwambia, si ulipeleka wewe jana? Akasema, "Ehee," akaendelea kukunja taulo.

Ijumaa, 6 Machi

Nimetafuta miwani nusu saa nzima. Ilikuwa kichwani. Msusi mzima, na sijui kilichoko kichwani mwangu.

Jumamosi, 7 Machi

Vichwa sita. Kila mstari nimeuvuta roho mkononi. Kila nikimaliza namwuliza Dada, "Umenyooka?" Naye anajibu bila kuinua macho kwenye karai la kuoshea, "Umenyooka." Kisha anamwita mteja chumba cha nyuma, eti akampake mafuta ya ngozi ya kichwa. Ameanzisha utaratibu huo siku nyingi, na wateja wanaupenda. Wanatoka huko wamependeza kuliko walivyoingia. Angalau mmoja wetu ana akili ya biashara.

Jumanne, 10 Machi

Dada kauliza tena habari ya mwavuli. Nikamjibu. Baada ya chakula cha mchana kauliza tena, vile vile, neno kwa neno: "Hivi, ule mwavuli wa Mwalimu umerudishwa?"

Sasa nimemwelewa. Ananipima! Anajua nilikwenda kliniki, anataka kuona kama mdogo wake bado anakumbuka. Loo, nimekasirika. Kama ana neno si aseme? Ndivyo tulivyoapizana. Lakini Dada ndivyo alivyo tangu utoto, anazunguka nyuma ya nyumba wakati mlango uko wazi. Haya, apime. Kila akiuliza nitaandika hapa, Daktari wa Mistari aone kwamba majibu yangu yote ni sahihi.

Alhamisi, 12 Machi

Mwavuli. Nimejibu.

Jumamosi, 14 Machi

Aibu nyingine. Mteja aliomba nywele za bandia nyeusi. Nimemsuka nusu kichwa, akasogea dirishani kupokea simu, akapiga yowe. Nusu nyeusi, nusu buluu iliyokoza. Mimi nilipozitazama kwenye taa niliona rangi moja, na hata sasa nikizishika mkononi naona rangi moja. Mteja kacheka, kasema nimalizie hivyo hivyo, ni fasheni. Nimecheka naye. Baadaye nimejifungia chooni nikalia kidogo.

Mwavuli, mara moja.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua tangu alfajiri, hakuna mteja. Nimechukua kurasa za nyuma za daftari hili nikachora mistari. Naweka alama katikati kwa jicho, kisha napima kwa uzi nilioukunja mara mbili. Mistari thelathini. Ishirini na sita imeangukia kulia. Si sana, upana wa punje ya mchele, lakini kulia, kulia, kulia. Nikajaribu kudanganya, nikasukuma alama kushoto kwa makusudi, na hapo ndipo nikaona imepinda, ingawa uzi unasema iko sawasawa. Jicho langu linaapa uongo na mimi naliamini.

Dada kapita kaniona. "Unafanya nini, we mtoto?" Nikasema nachora. Akasema, "Kapime mahindi basi, yana faida." Kisha kauliza habari ya mwavuli.

Alhamisi, 19 Machi

Sufuria la maji limeungua jikoni mpaka limetoboka. Nilikuwa kichwani mwa msichana wa duka la dawa tangu saa nne hadi saa saba, nikasikia harufu, nikakimbia. Dada kasema, "Umebandika maji ukayasahau, mdogo wangu." Sikumbuki kabisa kubandika. Hilo ndilo linaloniogopesha, kwamba sikumbuki hata kidogo. Mama naye alikuwa hakumbuki, anaapa kwa jina la baba yake kwamba hakugusa chumvi.

Naandika hapa: sufuria, mimi.

Jumatatu, 23 Machi

Mwavuli mara mbili. Halafu kaniuliza jina la yule msichana wa duka la dawa. Nikamtajia bila kusita. Naona mtihani umepanda darasa.

Jumatano, 25 Machi

Hakuna jipya. Mvua. Taulo hazikauki.

Jumamosi, 28 Machi

Nitaandika haya polepole maana hasira bado iko kwenye kalamu.

Leo asubuhi nimemsuka Mwalimu. Mstari wa katikati, misuko ya kurudi nyuma, kama kila mara. Dada akamwita nyuma apakwe mafuta. Nikaishiwa uzi, nikaenda kuchukua kwenye kabati la chumba kile. Nimefungua pazia. Dada amesimama nyuma ya Mwalimu, ameshika kitana changu cha mkia. Misuko miwili ya mbele imefumuliwa, na anavuta mstari upya, bila kupima, mara moja, umenyooka mpaka inauma kuutazama.

Nikasema, "Unafanya nini?"

Mwalimu ndiye aliyesema, "Mama Rula, sisi tulidhani unajua."

"Sisi nani?"

Mwalimu kaangalia mikono yake. Basi nikajua kwamba ni wote. Wote! Wanakaa kwenye kiti changu, nawapindisha, wananiambia asante, wanakwenda nyuma kunyooshwa. Huyu wa duka la dawa alikuwa mgeni tu, hakuna aliyemfundisha kunyamaza.

"Tangu lini, Dada?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

Mwaka mzima! Mwaka mzima mtu anatembea nyuma yangu akifuta nyayo zangu. Nikamwuliza, tuliapa nini siku ya kumzika mama? Akasema, "Tuliapa kuambiana mtu akianza kusahau. Kupinda mstari si kusahau." Nikamwambia huo ni utetezi wa mwizi. Akasema, "Ningekuambia ungeacha kazi. Ungeacha kazi ukakaa na hicho kichwa chako kikutafune kutwa. Nakujua, nimekubeba mgongoni." Nikamwambia kunibeba mgongoni hakumpi ruhusa ya kunifanya kichekesho cha mtaa. Mwalimu alikuwa katikati yetu, nywele za mbele zimefumuliwa, anatuomba, jamani, jamani, nyinyi ni watu wazima.

Mimi nilikwenda nje, nikasimama chini ya bati, mvua inapiga. Hasira yangu si mstari. Hasira yangu ni kwamba kama alificha hili, atanificha na lile kubwa likija. Nitakuwa kama mama, nacheka na watu ambao wameshaniaga moyoni, na hakuna atakayeniambia.

Jumatatu, 30 Machi

Hatusemezani. Kauliza habari ya mwavuli. Sikumjibu.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimeacha kiti. Nimemwambia Dada asuke yeye, mimi nitaosha. Kakubali bila neno, na hilo limeniuma kuliko kama angebisha.

Anasuka vizuri, siwezi kusema uongo. Mkono wake hauna kosa. Ila hasikilizi wateja. Leo kamwuliza mmoja mara tatu anataka misuko ya kurudi nyuma au ya pembeni, na mwisho kamsuka ya pembeni wakati mtu alisema ya kurudi nyuma. Nikamsahihisha kutoka kwenye karai. Kiburi cha wakubwa hicho, hawasikilizi mtu.

Jumanne, 7 Aprili

Nimemwamkia leo. Mwavuli, mara mbili. Nimejibu kwa ukali, lakini nimejibu.

Jumanne, 14 Aprili

Mwavuli. Kila asubuhi sasa, na wakati mwingine jioni; nimechoka kuandika, kila akiuliza nachora kijistari tu pembeni. Nimemwambia, "Dada, mtihani huu nimeshafaulu, nipe mwingine." Akanitazama kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua. Kisha kacheka. Nami nikacheka, tukawa tumepatana hivyo, bila mkutano.

Jumatano, 22 Aprili

Kliniki.

Daktari wa Mistari kanipokea na karatasi yangu ya mistari ishirini. Kaiweka mezani, kasema, "Mama, alama zako zimeelemea kulia." Nikamwambia hilo mtaa mzima unalijua, nieleze kwa nini. Kanieleza kwa utaratibu, naye ana moyo, amenieleza mara mbili.

Ubongo una pande mbili, kasema, na kila upande unaangalia zaidi upande wa pili. Ule wa kulia ndio hodari wa nyuso na wa kukadiria nafasi, na unaangalia zaidi kushoto. Ujanani una nguvu sana, unalivuta jicho kwake, kwa hiyo vijana wengi wakigawa mstari huangukia kushoto kidogo tu. Umri ukienda ule mvuto unapungua. Kazi iliyokuwa ya upande mmoja, pande zote mbili zinaishika pamoja, kama watu wawili na ndoo moja. Hapo alama inasogea, inaingia katikati, na kwa wengine inapitiliza kulia. Hata zile nyuso: kijana huona furaha zaidi kwenye ile inayocheka upande wa kushoto, mimi nilichagua huku na huku. Kasema hata wao bado wanalichunguza. Na zile nywele za buluu? Kasema lenzi ya jicho inakuwa ya manjano polepole, buluu iliyokoza na nyeusi zinafanana. Na maneno tisa kati ya kumi na tano ni alama nzuri kwa umri wangu.

Nikasema, "Ngoja, mwanangu. Unaniambia ujanani nilikuwa napinda pia?"

"Kushoto. Kidogo sana."

"Na hakuna aliyeniambia!"

Kacheka. "Labda kuna mwaka mmoja ulipita katikati kabisa."

Tumecheka wote wawili mpaka muuguzi kachungulia. Mwili wangu wote ulikuwa mwepesi. Sijaanza! Nimezeeka tu, na uzee si ugonjwa. Nilishika mkoba niondoke. Kasema, "Niachie daftari nilitazame kidogo." Kasoma ukurasa baada ya ukurasa huku mimi nikitabasamu na ukuta. Kisha nikaona hatabasamu tena. Kachukua kalamu, akawa anaweka vidoti vidogo pembeni. Kafika mwisho, karudi mwanzo, kahesabu.

Kasema, "Mama, Dada ni nani?"

Nikamwambia ni dada yangu, tunaishi pamoja.

"Ameuliza habari ya mwavuli mara ishirini na tatu."

Nikasema, ananipima. Na nilipokuwa naisema sentensi hiyo, hapo hapo kinywani, niliisikia. Kageuza ukurasa, kanionyesha siku ya sufuria. "Umeandika ulikuwa kichwani mwa mteja tangu saa nne hadi saa saba. Maji aliyabandika nani?"

Nilikuwa na hamu ya kumpiga makofi yule mtoto wa watu na karatasi zake. Kasema si lazima iwe ugonjwa ule, kuna mambo mengi yanasahaulisha, mengine yanatibika, nimlete apimwe. Tumepanga tarehe ishirini Mei. Nimerudi kwa miguu kwenye mvua, nikiwa na pesa ya nauli mkononi.

Nyani haoni kundule, wanasema. Mimi nililiangalia langu tu, wiki zote hizi, sikuona la mwenzangu.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimemtazama Dada siku nzima. Anaimba akikunja taulo. Kauliza kliniki wamesemaje, nikasema sijaanza, ni umri. Kanikumbatia. Kasema, "Nilikuambia." Hakuniambia, lakini sikubisha.

Jumatatu, 27 Aprili

Mwavuli mara tatu. Nimejibu mara tatu. Ukali umenitoka.

Jumamosi, 2 Mei

Bado sijamwambia. Jana nilikaza moyo, nikaanza, "Dada, kuna jambo," akaniambia nipitishe sabuni, nikapitisha sabuni. Leo nimeficha kibiriti nikasema kimekwisha, ili asibandike kitu peke yake. Nimemnong'oneza msichana wa duka la dawa amtajie jina lake kila akiingia, kama mchezo. Kisha nimejikuta nasimama nyuma ya mteja wa Dada, nauliza kwa sauti, "Ulisema ya kurudi nyuma, siyo?" ili Dada asikie.

Nimesimama pale na kujiona. Ndicho alichonifanyia yeye mwaka mzima, nikamwita mwizi.

Jumatano, 6 Mei

Sipati usingizi, sisikii njaa. Nafagia palipofagiwa. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini atanyolewa na nani kama mwenzake anaogopa wembe?

Jumapili, 10 Mei

Nimemwambia.

Tumefunga saluni Jumapili, mvua ilikuwa ndogo. Nikamwambia aje nimsuke. Kakaa kwenye kiti changu, mimi nyuma yake, tunatazamana kwenye kioo. Nimefumua misuko yake ya zamani, mvi zote, laini kuliko za mtoto. Nikachukua uzi, nikaunyoosha kutoka ncha ya pua yake hadi kisogoni, kama wale wasusi niliowacheka miaka arobaini na moja.

"Uzi?" kasema Dada. "Rula, umefikia hapo?"

"Nimefika, Dada."

Nikavuta mstari. Nikasuka wa kwanza, wa pili. Nilikuwa nimepanga kusema nikiwa nyuma, maneno yapitie kioo. Lakini tuliapa usoni. Nikazunguka kiti, nikapiga magoti mbele yake, na magoti sasa yalinishitaki kweli kweli. Nikasema, "Dada, unasahau. Si mimi. Ni wewe."

"Nasahau nini?"

"Mwavuli wa Mwalimu. Uliupeleka mwenyewe siku ya kwanza ya mvua. Umeniuliza mara arobaini na moja."

"Mara arobaini na moja," kasema, polepole. "Na ulinijibu zote?"

"Moja sikukujibu. Tulikuwa tumegombana."

"Nini kingine?"

"Sufuria."

"Sufuria lilikuwa wewe."

"Mimi nilikuwa nasuka, Dada."

Hapo uso wake ukabadilika. Kasema, "Sikukusingizia. Niliamini." Nikasema najua. Kanishika mikono yote miwili. Kasema, "Nitakuja kukuuliza wewe ni mtoto wa nani?" Nikamwambia sijui, hata daktari hajui, tutakwenda kupima tarehe ishirini. Nikamwambia, "Ukiniuliza nitakuambia." Tumelia, mimi kichwa changu mapajani mwake, mafuta ya nywele yamelichafua gauni lake lote. Kasema asante. Kasema mama hakuambiwa na mtu, na yeye ameambiwa, na hiyo ni heshima.

Kisha kajifuta macho. "Haya, malizia. Siwezi kwenda kwa daktari nusu kichwa."

Jumatatu, 11 Mei

Kauliza habari ya mwavuli. Nikajibu. Hakukumbuka kwamba ndio wenyewe.

Alhamisi, 14 Mei

Leo jua lilitoka saa tatu, tukafungua madirisha. Msichana wa duka la dawa kakaa kwenye kiti, amekuja kufumua na kusuka upya. Mimi nimerudi kusuka tangu Jumapili, nimesimama nyuma yake na uzi wa kupimia mkononi. Dada yuko kwenye kibao chake anakunja taulo, ana furaha, anaimba. Mara kaacha kuimba.

"We mtoto," kasema. "Unakumbuka tulivyoapizana siku ya kumzika mama?"

"Nakumbuka, Dada."

"Mpaka leo hakuna aliyeanza. Tumeshukuru. Hivi unadhani kati yetu ataanza nani?"

Niligeuka kumtazama. Alikuwa anangoja jibu kweli, macho maangavu, hana wasiwasi wowote. Siku nne tu. Msuko nilioufunga Jumapili bado uko kichwani mwake, maneno niliyoyasema nikiufunga hayapo. Tuliapa kuambiana usoni. Hatukusema mara ngapi. Nilimwona tena anavyonishika mikono, analia, na nikajua naweza kumtenda hivyo leo, na Jumatatu, na kila wiki, kila mara iwe mara ya kwanza. Na nikinyamaza nimekuwa kama waliombembeleza mama.

Nimeuweka uzi kwenye meza.

"Mimi, Dada," nikamwambia. "Nimeanza mimi. Siwezi tena kuvuta mstari. Kila nikiuvuta unakwenda kulia."

Ni kweli yote. Hakuna neno la uongo ndani yake.

Dada kacheka, kaweka taulo chini. "Hilo tu? Hilo nalijua tangu mwaka jana! Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia." Kasimama, kaja kwenye kiti, kanyoosha kiganja. "Lete hicho kitana."

Nikampa. Kakitazama kichwa cha msichana mara moja, kashusha kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Msichana wala hakuinua simu kupiga picha. Kisha Dada kaniinamia, kaninong'oneza, "Anataka ya kurudi nyuma au ya pembeni?"

"Ya kurudi nyuma, Dada."

"Haya. Shika upande wa kulia, mimi nashika kushoto. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Jamani, sina chawa mimi," kasema msichana. Tumemsuka wawili, mmoja huku mmoja huku, tukamaliza nusu ya muda wa kawaida.

Jumatatu, 18 Mei

Mvua zimekatika. Kesho kutwa tunakwenda kwa Daktari wa Mistari pamoja, na Dada ameshachagua gauni mara tatu.

Asubuhi kauliza kama mwavuli wa Mwalimu umerudishwa. Nikamwambia umerudishwa, uliupeleka wewe mwenyewe, ukarudi umeloa chapachapa.

"Nilijua tu ni mimi," kasema. "Wewe mvua ungeiogopa."